Sura ya 4: Shamba Linalopimwa kwa Ndoo

Matuta yangu ya kwanza Dodoma niliyainua. Niliyapandisha sentimita 30 juu ya ardhi, nikayanyoosha kwa kamba, nikayapiga ubavuni kwa bapa la jembe mpaka yakalainika, kama alivyokuwa akifanya marehemu baba yangu kule Muheza. Yalikuwa manne, kila moja upana mita 1 na urefu mita 5. Jioni yake bibi wa nyumba ya pili akaja akasimama nyuma ya uzio wa minyaa, akayatazama kitambo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Haya makaburi manne, mmefiwa na nani?"

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kwa nusu ya dhati, na siku kumi baadaye nilimwelewa. Miche ya chainizi niliyoipanda asubuhi ilikuwa imesinyaa saa sita mchana. Nilimwagilia jioni ikainuka, kesho yake ikalala tena, na keshokutwa haikuinuka. Ulikuwa mwezi wa Septemba, na Septemba ya Dodoma ni ya upepo. Upepo ule ulikuwa ukiyapiga matuta yangu juu na ubavuni kote, ukiyakausha kama nguo kwenye kamba.

Nilihamia Dodoma mwaka 2017, katika ule msafara wa watumishi tulioifuata serikali baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamisha makao makuu kuanza kutekelezwa kwa nguvu, miaka zaidi ya 40 baadaye. Nilipata kiwanja upande wa Mkonze, nikajenga, na pembeni ikabaki sehemu ya kuchezea jembe. Neno hilo, kuchezea, nalitumia kwa makusudi. Sura hii haimhusu mtu anayetaka kutajirika kwa kuku. Inamhusu mwenye mshahara wake au pensheni yake, au duka lake pale Majengo, anayetaka mboga ya jioni itoke nje ya mlango wa jikoni na yai la mtoto litoke kiotani. Kwa mtu huyo makosa yangu yatakuwa na faida kuliko ushauri wangu, kwa hiyo nitaanza nayo.

Kosa la matuta lilitokana na kuhama na akili ya nyumbani. Kwetu mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka na huja mara mbili, masika na vuli. Tuta la kuinua kazi yake ni kumwaga maji ili mizizi isioze. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600, na karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Msimu ni mmoja tu, na baada ya hapo ni miezi saba ambayo mawingu yanapita kusalimia. Hapa hakuna maji ya kumwaga.

Bibi ndiye aliyenionyesha, kwa jembe lake la mpini mfupi. Alifukua udongo wa juu, ule wenye rangi kidogo, akauweka kando. Akachimba chini mpaka shimo likafika katikati ya muundi wake, akatupa nje udongo mwekundu wa chini na kuufanya ukingo kuzunguka shimo. Kisha akarudisha ule wa juu, akaniambia nichanganye na samadi iliyopoa. Tuta likabaki chini ya usawa wa ardhi kwa kama sentimita 20, mithili ya sinia. Maji ukiyamwaga hayana pa kukimbilia, na upepo unapita juu ya ukingo bila kugusa miche. Wenyeji husimulia kwamba jina la mji huu lilitokana na tembo aliyekuja kunywa maji kijitoni akanasa kwenye matope, watu wakasema "idodomya", amezama. Mimi tangu siku ile nimeichukua hadithi hiyo kama maelekezo ya bustani.

Kosa la pili lilikuwa hesabu. Nilikuwa nimepima ardhi. Nilijua kiwanja kina mita za mraba ngapi, nyumba imekula ngapi, zimebaki ngapi, nikazigawa kwa matuta na banda, nikachora na ramani. Sikupima maji.

Kosa hilo lina historia kubwa katika nyanda hizi, na ukitaka kuiona panda gari kwenda Kongwa. Mwaka 1946 wataalamu watatu kutoka Uingereza, wakiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, waliizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari wakiwa ndani ya ndege. Walirudi na ripoti ya kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, ili Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya vita. Kongwa ikachaguliwa kuanzia, na lengo la mwaka wa kwanza, 1947, lilikuwa ekari 150,000. Yakaletwa matrekta yaliyobaki vitani, vikaletwa hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mibuyu ikagoma kung'oka, na nyuki waliokuwa ndani ya mibuyu wakajibu kwa namna yao. Mwisho udongo wenyewe ukazungumza: mvua ilipokatika, ule mfinyanzi ulikauka ukawa kama tofali la kuchoma, karanga zikiwa ndani. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuufuta mpango, na pauni kama milioni 36 zikawa zimekwenda. Baadaye Kongwa ikawa ranchi ya ng'ombe.

Karanga zenyewe hazikuwa na kosa. Wagogo walikuwa wakizilima kabla ya mpango na wanazilima mpaka leo, kwenye vishamba vya mchanga, kila mtu kwa kadiri ya mikono yake na mvua ya mwaka huo. Kilichokosewa ni kuitazama nchi kutoka juu na kuuliza ina ukubwa gani. Mimi na ramani yangu ya kiwanja tulikuwa Wakefield wadogo.

Basi tuhesabu ndoo. Ndoo ya kawaida ni lita 20. Mwezi wa Oktoba, jua la Dodoma likisaidiwa na upepo, bustani ya mboga inapoteza si chini ya milimita 6 za maji kwa siku. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Tuta la mita 5 za mraba basi linataka lita 30 kila siku, yaani ndoo moja na nusu. Matuta manne ni ndoo sita. Ndoo sita kila siku ya Mungu, kwa mtaa ambao maji ya bomba yanakuja kwa mgao, ni kazi ya mtu mzima, na mtu huyo kwa kawaida huwa si wewe uliyesoma kitabu.

Sasa tazama paa. Bati la nyumba ya kawaida lina kama mita za mraba 60. Mvua ya milimita 10, ambayo hapa ni mvua ya alasiri moja ya Januari, inaliletea paa hilo lita 600. Toa zinazorukia pembeni na zile za kwanza zinazobeba vumbi na kinyesi cha ndege, zimebaki kama 480. Kwa msimu mzima paa hilohilo linapokea lita zaidi ya 30,000. Zote hizo kwangu zilikuwa zinachimba mfereji nyuma ya choo.

Simtanki la lita 5,000 linajaa mara kadhaa kati ya Desemba na Aprili. Lakini kinachohesabika ni lile la mwisho, lililojaa mvua inapoaga. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Novemba ni siku kama 210. Tuta moja kwa lita 30 linataka lita 6,300. Ukiufunika udongo wake vizuri, ukaongeza maji ya kuoshea mchele na mboga, tangi lile linalivusha tuta moja mpaka mvua nyingine. Moja! Nilipoipata hesabu hiyo niliirudia mara tatu kwenye simu nikidhani nimekosea nukta. Sikukosea. Kiwanja changu chenye nafasi ya matuta kumi kilikuwa, wakati wa kiangazi, shamba la tuta moja, na lililobaki lilikuwa uwanja.

Ukishakubali hilo, mengine yanakuwa mepesi. Masika nalima matuta yote sita niliyonayo, kwa sababu mvua inalipa. Kiangazi nabaki na moja, lile lililo karibu na mlango wa jikoni, chini ya kivuli cha neti upande wa magharibi. Naotesha mchicha, unaochumwa baada ya wiki tatu au nne, na spinachi zile za shina nene ambazo unakata jani la nje, la ndani likaendelea. Hizo mbili pia zinastahimili chumvi, na chumvi ni jambo la kuliangalia hapa: sehemu nyingi maji ya kisima huacha utando mweupe ndani ya birika na ukoko mweupe juu ya udongo. Maharage hayaivumilii. Yatatoa majani ya njano yenye ncha zilizoungua nawe utadhani ni ugonjwa, utanunua dawa bure. Ukiona ukoko, ngoja mvua iusafishe kwenda chini, au chota ya tangi.

Nyanya nunua sokoni. Najua utabisha, kila anayeanza hubisha. Nyanya hukaa ardhini miezi mitatu ikinywa kila siku, kisha siku mbili kabla ya kuiva anakuja kimamba au kuku wako mwenyewe. Wako watu wa mabondeni wenye maji ya kuchezea wanaozilima vizuri na kuzileta Majengo kwa matenga. Waache nao wale.

Bibi hakuwa na bustani ya kiangazi kabisa, na kwa muda mrefu nilidhani ni kwa sababu ya uzee. Mpaka siku nilipomkuta na mwanawe juu ya mwamba nyuma ya nyumba yao wametandaza mlenda. Ilikuwa Machi. Mlenda ule haukupandwa na mtu. Mvua ikishuka huota wenyewe mashambani, kati ya mistari ya uwele, na wanawake huuchuma kabla haujakomaa. Waliutandaza kwenye jua siku chache, wakaugeuza, ukawa mwepesi na mweusi-mweusi, wakautwanga ukawa unga wa kijani, wakautia kwenye kibuyu. Oktoba, wakati mimi nikibeba ndoo, bibi alikuwa anachota kijiko cha kibuyu, anakitia kwenye maji ya moto na karanga za kusaga, na ugali wa uwele unasubiri. Alikuwa anakula maji ya Machi. Alikuwa ameyahifadhi kwenye jani badala ya tangi, na halikumgharimu hata koki.

Sasa na mimi nakausha. Majani ya kunde, mgagani, msusa wa maboga, hata mchicha ukizidi. Chemsha kidogo kwanza majani ya kunde ukipenda, tandaza kivulini ikiwa unataka rangi ibaki. Kwa familia ya watu watano, ndoo mbili za majani makavu zitakusogeza mbali kuliko tuta la pili. Watu wa hapa hawakujifunza hilo katika semina. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ilipigwa na njaa waliyoiita Mtunya: majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua ikakosekana. Jamii iliyopita hapo haitaki kufundishwa maana ya kibuyu kilichojaa.

Nakuja kwa kuku.

Kiswahili kina neno moja ambalo Dodoma linapata maana zake zote kwa pamoja: tembe. Tembe ni mtetea aliyekua ila hajaanza kutaga. Tembe ni nyumba ya asili ya Wagogo, ya kuta za miti na udongo na paa bapa la udongo, ambayo imekuwa ikipungua tangu Operesheni Dodoma ya 1971 ilipowahamishia watu vijijini na bati likashika nafasi. Na tembe ni kidonge, dawa. Atakayefuga kuku hapa atazihitaji zote tatu, na mimi nilianza na moja tu.

Nilianza kwa ukarimu wa bibi. Aliona banda langu tupu, akasema jambo la aibu, akaniletea koo mmoja, kishingo mwenye shingo nyekundu isiyo na manyoya, mbaya wa sura kweli. "Mlee. Akitotoa tutagawana vifaranga." Ndiyo desturi iliyozoeleka kwa mtu anayeanza: kuku hakuuzii, anakukopesha, na riba ni nusu ya vifaranga. Kishingo huyo alitaga mayai 13, akaatamia 12 kwa sababu moja lilivunjika, na siku ya 21 wakatoka vifaranga kumi. Nilimpigia simu kila niliyemjua.

Kisha nikaona kumi ni wachache. Nilikwenda mnadani, nikanunua mitetea watatu wazuri kwa macho, miguu ya njano, nikawafungua bandani usiku uleule. Ilikuwa Oktoba.

Siku ya nne mmoja wa wale wageni alikuwa amesimama pembeni, mabawa yameshuka, macho nusu, kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Kinyesi chake kilikuwa cha kijani. Siku ya sita shingo ya kifaranga mmoja ilipinda ikatazama nyuma, akawa anazunguka palepale. Siku ya tisa nilikuwa na banda tupu na koleo mkononi. Kishingo wa bibi alikufa kabla ya mwisho, amewafunika vifaranga wawili waliokuwa wameshakufa.

Hicho ni kideri, wengine wanakiita mdondo. Ni virusi, hakina tiba, na kikiingia kwenye kundi ambalo halijachanjwa kinaweza kuwamaliza karibu wote. Kila mfugaji wa kuku wa kienyeji nyanda hizi anayo hadithi yake, na nyingi ni za mwisho wa kiangazi, upepo na joto vinapopamba. Watu husema ugonjwa unaletwa na upepo. Mara nyingi zaidi unaletwa na mtu mwenye tenga, kama mimi.

Nilikwenda kumwambia bibi kwa miguu mizito. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Uliwachanganya na wa mnadani," akasema. Nikakubali. "Na hukuchanja." Nikakubali. Akanyamaza, akachukua ungo wake akaendelea kupeta. Kwa wiki mbili salamu zetu zilikuwa fupi.

Chanjo ipo, na ni ya bei ndogo kiasi cha kutia hasira. Inaitwa I-2, ilitokana na kazi ya Peter Spradbrow na wenzake katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na sifa yake kubwa ni kwamba inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida za kideri, jambo la maana kwa vijiji visivyo na friji. Kwetu hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Haihitaji sindano. Mchanjaji wetu wa mtaa alinionyesha: unamlaza kuku ubavu mkononi, jicho moja linatazama juu, unamtulizia kichwa kwa kidole gumba. Unashika kichupa wima, si kwa kukiinamisha, ili tone lisiwe nusu. Tone moja linadondoka. Hapo usimwachie. Ngoja apepese, utaliona tone linavyosambaa juu ya jicho na kupotea ndani, kisha ndiyo umshushe. Ukimwachia mapema atakung'uta kichwa na chanjo itabaki kwenye shati lako. Kifaranga na jogoo wa kilo tatu dozi yao ni moja, tone moja, na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Aliye mgonjwa tayari hutamwokoa.

Kichupa kimoja kina dozi za kuku wengi kuliko nitakaopata kuwa nao, na kikishafunguliwa na kuchanganywa hakikai. Kwa hiyo chanjo inakulazimisha uwe na majirani. Sisi tuna Jumamosi moja kila miezi mitatu: watoto wanawakamata kuku alfajiri wakiwa bado bandani, mchanjaji anapita nyumba kwa nyumba, tunachangia. Anayekataa kuchanja kuku wake anafuga ugonjwa wa mtaa mzima, na anaambiwa hivyo. Jirani zetu wa Manyoni, mkoani Singida, wana uzoefu mrefu zaidi wa jambo hili. Kuanzia 2014, katika kata za Sanza na Majiri, mradi uliofadhiliwa na Australia na kushirikisha taasisi zetu za mifugo na lishe ulifundisha wanakijiji wenyewe kuchanja kwa tone la jicho na kutoza ada ndogo, huku watafiti wakifuatilia kaya, mazao na ukuaji wa watoto. Kuku, mtama na lishe ya mtoto viliwekwa kwenye daftari moja, jambo ambalo akina mama wamekuwa wakilifanya siku zote bila daftari.

Magonjwa mengine nayataja kwa haraka kwa sababu afisa mifugo wa kata atakueleza vizuri kuliko mimi: ndui, inayochanjwa kwenye bawa, gumboro kwa vifaranga, kuhara damu banda likilowa, na viroboto wale wanaoganda kuzunguka macho. Na kuku yeyote mgeni, hata akiwa zawadi ya mama mkwe, akae peke yake wiki mbili.

Banda sasa. Nililolijenga kwanza lilikuwa la bati juu na bati ubavuni, na Novemba lilikuwa oveni. Kuku hatoi jasho. Joto likimzidi anafungua mdomo na kutweta, anaacha kula, anaacha kutaga. La pili nilijifunza kwenye tembe ya bibi, ile nyumba. Ukiingia humo saa nane mchana unahisi kama umeingia chini ya mti, na usiku wa Julai, nje kukiwa na baridi ya kupiga meno, ndani kuna vuguvugu. Udongo mnene ndio siri yote. Nilimwambia fundi ajenge kuta za tofali za udongo, ubavu mrefu ukae mashariki-magharibi, ukuta wa mashariki uzibwe wote kwa sababu upepo wetu mwingi hutoka huko, na wavu uwekwe juu upande wa kusini na kaskazini. Bati likabaki, ila juu yake nikatandika nyasi na kuzikandamiza kwa miti. Ndani kuna vichanja vya kulalia na viota vya matenga yaliyochakaa. Kwa kulala tu, mita 1 ya mraba inawatosha kuku watano hadi sita wa kienyeji.

Kuhusu aina, nina upendeleo na nausema wazi. Chotara wanataga, wengine mayai zaidi ya 150 kwa mwaka, wakati koo wa kienyeji anayeatamia na kulea akikupa 40 hadi 60 umshukuru. Lakini chotara anataka chakula cha gunia kila siku, na wengi wao hawaatamii. Wa kienyeji anajua kutafuta, anamjua mwewe kwa kivuli chake, na analea wanawe mwenyewe. Kwa anayechezea jembe, koo watano wa kienyeji na jogoo mmoja wanatosha. Kuku wa Dodoma na Singida wana jina mpaka Dar es Salaam. Ukisafiri kwa barabara utayaona matenga yao juu ya mabasi, vichwa nje, wakienda mjini kwa nauli wasiyoilipa.

Chakula cha nyongeza hapa si tatizo. Mikoa hii miwili ni ya alizeti, kwa hiyo mashudu yapo, mtama upo, pumba zinapatikana, na anayepita Kibaigwa kwenye soko la nafaka atajaza buti. Ongeza dagaa kidogo na maganda ya mayai yaliyosagwa. Maji ndiyo yasikosekane: kuku mkubwa hunywa robo lita kwa siku, na siku ya joto mara mbili. Kuku 12 siku kama hiyo ni lita 6, sehemu ya ndoo ambayo huna budi kuitoa kwenye hesabu ya tuta. Mimi sasa naitoa mara mbili kwa siku, na maji waliyoyachafua namwaga bustanini, hayapotei.

Na hapo ndipo mambo yanapoanza kuzunguka. Tuta nalifunika kwa mabua ya uwele ili lisikauke. Mchwa wanayafuata mabua, wanayala. Mwaka wa kwanza niliwapiga dawa. Mwaka wa pili bibi akacheka, akachukua chungu kilichopasuka, akakijaza mabua na samadi kavu, akakinyunyizia maji na kukifudikiza juu ya njia yao. Asubuhi alikibinua mbele ya vifaranga na mchwa wote wakaliwa kwa dakika ambazo sikuzihesabu. Kinyesi na matandiko ya banda nayarundika na majani makavu, nayalowesha kidogo, nalifunika rundo kwa wiki sita hadi nane mpaka lipoe na kuacha kunuka. Usikitie kibichi. Kinyesi cha kuku ni kikali, kitaunguza miche na kuongeza chumvi juu ya chumvi uliyonayo. Kikishapoa, karai mbili kwa tuta zinatosha, na udongo wenye mbolea hiyo unashika maji muda mrefu zaidi. Tangi langu sasa linafika Novemba likiwa na kitu chini. Mara ya kwanza lilikauka Agosti.

Faida ya fedha? Nimejaribu kuiandika mara mbili na mara zote mbili nikaufunga ukurasa. Ukiweka bei ya tangi, tofali, wavu na ile koleo, mayai yangu ya miaka miwili ya mwanzo yalikuwa ghali kuliko ya hotelini.

Miezi mitano baada ya msiba wa kideri, bibi alikuja tena uzioni na kuku kwapani. Mwekundu safari hii, manyoya yake yote mahali pake. Hakusema masharti, nilikuwa nayajua. Nilimweka peke yake wiki mbili, Jumamosi ya chanjo nikamshika mwenyewe, nikasubiri apepese. Alitotoa tisa, mwewe akachukua mmoja.

Nane walipofikisha miezi mitatu nilimwita bibi aje achague wake wanne. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akawatazama wakichakura pembeni mwa tuta lililozama, muda mrefu kama alivyoyatazama yale makaburi. Nilijua atachukua matembe wanne, maana ndio wenye mali. Akachukua matembe watatu. Wa nne akamnyooshea kidole jogoo mchanga mwenye shingo wazi, nyekundu, mbaya kabisa, ambaye hata sijui alirithi wapi.

"Huyo, bibi? Wa kishingo?"

"Joto la hapa," akasema, akiwafunga miguu kwa kamba ya katani, "si unamwona alivyovaa."